Baridi yabisi na walanguzi wa chupa

Maradhi ya viungo yana dawa nyingi mno mitaani, na wingi huo peke yake ungetosha kumtia mtu wasiwasi. Atokaye Mnazi Mmoja akaingia Kariakoo kwa Mtaa wa Uhuru ataonyeshwa mizizi, magome, unga mweusi ndani ya kopo la maziwa na mafuta ya kila rangi, yote kwa ajili ya magoti, viuno na vidole. Dawa hizo huuzwa hadharani. Iko nyingine ambayo haiuzwi hadharani. Hii hutolewa mfukoni, katika chupa ndogo isiyo na maandishi, na muuzaji huinama kidogo anapoitaja: mafuta ya bangi. Kisha huongeza kwamba Wazungu wamekwisha kuyathibitisha, na kwamba wakubwa wanaficha tu.

Chupa hiyo haikomei sokoni. Hupanda basi, hushuka Posta, ikaingia katika maofisi ya Barabara ya Samora ndani ya mikoba ya makarani, wahasibu na makatibu muhtasi ambao vidole vyao vimeanza kuvimba. Hawa si watu wajinga. Wananunua kwa sababu wanaumwa, na kwa sababu mahali walipostahili kupata jibu walipewa vidonge vya kutuliza maumivu na kuambiwa warudi baada ya mwezi, pasipo mtu kuwashika hata mkono. Mwandishi anayewacheka watu hao amekosa kazi ya kufanya.

Maneno ya muuzaji yana chembe ya ukweli, na hapana budi kuianza hoja yetu kwa chembe hiyo, kwa maana uwongo mtupu haununuliki kwa muda mrefu. Lakini kwanza tuyaelewe maradhi yenyewe.

Jina la baridi yabisi tulilirithi kutoka katika utabibu wa kale wa Waarabu na Waajemi, ambao nao waliupokea kwa Wayunani. Utabibu huo ulifundisha kwamba mwili una joto na baridi, unyevu na ukavu, na kwamba ugonjwa ni kuzidiana kwa hayo. Yabisi maana yake ni kavu. Ni jina zuri, nalo limedumu kwa karne nyingi katika pwani yetu, ila linapotosha. Linamfanya mgonjwa aamini kwamba ameingiwa na baridi ya feni, au ya sakafu, au ya maji ya kufulia, na kwamba akipata kitu cha moto cha kujipaka baridi itatoka. Kwa kweli kiungo chenye maradhi hayo hakina ubaridi wala ukavu. Kinavimba, kina joto, na ndani yake majimaji yamezidi.

Kinachotokea ni hiki. Mwili una ulinzi wake, na kazi ya ulinzi huo ni kupambana na vijidudu vinavyoingia kutoka nje. Katika baridi yabisi walinzi hao hugeuka, wakaushambulia utando laini unaozunguka kiungo, kama sungusungu walioacha kumfuata mwizi wa ng'ombe wakaanza kubomoa nyumba za wanakijiji wenyewe. Utando huvimba, hunenepa, kisha huanza kuitafuna gegedu na hatimaye mfupa. Maradhi hupenda viungo vidogo vya mikono na miguu, tena pande zote mbili kwa pamoja. Mgonjwa huamka asubuhi vidole vimekakamaa kwa saa nzima au zaidi, na huchoka uchovu usiolingana na kazi aliyoifanya. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2019 watu milioni 18 duniani waliishi na maradhi hayo, na kiasi cha asilimia 70 kati yao ni wanawake. Nchini kwetu hao ndio walio katika vyerehani, katika majiko ya mama lishe, na katika mashamba ya mpunga.

Si kila kiungo kinachouma kina baridi yabisi. Lipo goti lililolika kwa uzee na kwa kubeba mizigo. Lipo jongo, ambalo hutokana na asidi inayoganda ndani ya kiungo kama chumvi na mara nyingi huanzia katika kidole gumba cha mguu. Upo pia uvimbe uletwao na vijidudu, ambao usipotibiwa upesi huweza kumuua mtu. Kila moja lina tiba yake. Muuzaji wa chupa hana habari ya tofauti hizo wala hazimhusu, maana chupa yake ni moja.

Sasa tuje katika bangi. Mwaka 1964, wanasayansi wawili nchini Israeli, Raphael Mechoulam na Yechiel Gaoni, waliitenga kemikali inayolevya katika mmea huo, iitwayo tetrahidrokannabinoli. Iko na nyingine, kannabidioli, ambayo hailevyi. (Inafaa kukumbukwa kwamba hashishi aliyoanza nayo Mechoulam aliipata kwa polisi, katika shehena iliyokamatwa. Tutarudi hapo.) Kisha ikaja kujulikana kwamba mwili wa binadamu wenyewe unatengeneza kemikali za ukoo huo, ya kwanza ilitambuliwa mwaka 1992. Vilitambuliwa pia vipokezi ambavyo kemikali hizo hujishikiza kwavyo, kimoja kikiwa kwa wingi katika ubongo na mishipa ya fahamu, na kingine, kilichobainishwa mwaka 1993, kwa wingi katika seli za ulinzi wa mwili. Hapo ndipo matumaini yalipozaliwa. Ikiwa bangi inaweza kuzungumza na walinzi wa mwili, je, haiwezi kuwatuliza walipoasi?

Jibu la kwanza lilitolewa na panya. Mwaka 2000 watafiti wa Taasisi ya Kennedy ya London, wakishirikiana na Mechoulam, walichapisha matokeo ya majaribio yao juu ya panya waliotiwa maradhi yanayofanana na baridi yabisi. Waliopewa kannabidioli, kwa sindano au kwa kinywa, walipungukiwa na uvimbe, na viungo vyao viliharibika kidogo zaidi kuliko vya wenzao. Mmoja wa watafiti hao, Marc Feldmann, ni yule yule ambaye kazi yake ilisaidia kuzaliwa kwa dawa za sindano zinazotumika leo katika nchi tajiri kuuzima mwako wa kiungo. Hiyo haikuwa kazi ya wababaishaji. Lakini hata kwa panya, kipimo kilichofaa kilikuwa cha kati. Kilipozidishwa, nafuu ilipungua. Kwa hiyo msemo wa muuzaji, kwamba ukiona bado unaumwa uongeze matone, hauna msingi hata katika utafiti anaojivunia.

Binadamu walifuata. Mwaka 2006 madaktari wa hospitali ya maradhi ya viungo ya Bath, Uingereza, walitoa matokeo ya jaribio kwa wagonjwa 58 wa baridi yabisi. Baadhi walipewa dawa ya kupuliziwa kinywani yenye kemikali zote mbili za bangi kwa kipimo kinachojulikana, na wengine walipewa ya kuigiza isiyo na kitu, kwa muda wa wiki 5. Waliopata dawa yenyewe waliumwa kidogo zaidi walipojongea na walipotulia, walilala vizuri zaidi, na hata kipimo cha jumla cha ukali wa maradhi kilishuka kwa kiasi. Ukakamavu wa asubuhi haukupungua. Wagonjwa 58 ni wachache, na wiki 5 haziwezi kumwonyesha mtu yeyote kama mfupa umesalimika au la.

Baadaye Wadenmarki walijaribu vidonge vya kannabidioli peke yake kwa wagonjwa 136 wenye maradhi mengine mawili ya viungo, kwa muda wa wiki 12. Matokeo yalichapishwa mwaka 2022: maumivu ya waliomeza dawa hayakutofautiana na ya waliomeza vidonge vya kuigiza. Mwaka 2021 chama cha kimataifa cha wataalamu wa maumivu kilitamka kwamba ushahidi uliopo hautoshi kukifanya kiunge mkono matumizi ya bangi kwa jumla kama dawa ya maumivu. Hiyo ndiyo hali ya elimu ilivyo. Yako mambo ya kutia moyo katika panya na katika seli, iko nafuu ndogo ya maumivu na usingizi kwa baadhi ya wagonjwa, na hakuna hata jaribio moja lililoonyesha kwamba bangi inazuia baridi yabisi isile viungo vya binadamu.

Hapa ndipo lilipo jambo lenyewe. Maumivu na maradhi ni vitu viwili. Mtu anayetulizwa maumivu huku utando ukiendelea kutafuna mfupa ni sawa na mwenye nyumba aliyemnyamazisha mbwa wake na mwizi yumo ndani. Atalala usingizi mzuri. Na wakati katika maradhi haya una thamani kubwa kuliko fedha, kwa sababu uharibifu mwingi huanza katika miezi na miaka ya mwanzo, na kidole kilichokwisha kupinda hakinyoshwi na dawa yoyote ya Ulaya wala ya porini. Fundi cherehani wa Mtaa wa Kongo anayetumia mwaka mmoja kwa chupa amepoteza mwaka ambao ungeiokoa kazi yake.

Tiba ya maana ipo, wala si siri ya matajiri. Methotreksati ni dawa ya zamani. Ilianza kuruhusiwa rasmi kwa baridi yabisi nchini Marekani mwaka 1988, na imo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Humezwa mara moja kwa wiki. Nasisitiza neno wiki, kwa maana wako waliokufa katika nchi mbalimbali kwa kuimeza kila siku. Humtaka mgonjwa apimwe damu na ini mara kwa mara, na haifai kabisa kwa mwanamke mwenye mimba au anayetazamia kuipata. Ni dawa yenye masharti, inayohitaji daktari wa kuisimamia. Kannabidioli nayo, ikitumiwa kwa wingi, hulielemea ini lile lile. Anayekunywa vyote viwili kwa siri anafanya majaribio ambayo hata watafiti wa London wasingeyathubutu bila maabara karibu.

Na je, ndani ya chupa mna bangi? Pengine mna mafuta ya nazi na harufu. Mwaka 2022 idara ya chakula na dawa ya Marekani iliwaonya wananchi wake mara kwa mara juu ya vidonge vya viungo viitwavyo Artri King, vilivyouzwa kama mitishamba mitupu. Maabara ilikuta ndani yake deksamethasoni na diklofenaki, dawa za hospitali ambazo hazikutajwa popote katika kopo. Ziliripotiwa taarifa za watu walioharibika ini, na za vifo. Deksamethasoni hupoza uvimbe kwa kasi ya ajabu. Ndiyo maana mlanguzi huipenda. Humfanya mgonjwa asimame na kumsifu muuzaji kwa jirani zake, kisha humpandishia sukari, humdhoofisha mifupa, na akiiacha ghafula mwili wake huweza kuzimia kwa kukosa kile ulichokwisha kuacha kujitengenezea. Kwa hiyo, ndugu msomaji, chupa iletayo muujiza katika siku tatu ndiyo ya kuogopwa kuliko isiyofanya lolote.

Si mara ya kwanza kwetu kuona haya. Mwaka 2011 maelfu kwa maelfu ya wananchi walijipanga katika kijiji cha Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha shilingi 500. Yule mzee hakuwa mlanguzi, na bei yake ilithibitisha hivyo. Lakini wako wagonjwa walioacha vidonge vyao vya kila siku kwa sababu ya kikombe. Kama hali ilikuwa hivyo kwa dawa iliyotolewa mbele ya kamera na viongozi, tutarajie nini kwa ile itolewayo mfukoni nyuma ya meza ya mitumba?

Upande wa sheria hauna utata. Bangi imekatazwa nchini. Sheria ya mwaka 1995 ilikataza, na ya mwaka 2015 ikakaza zaidi. Mahakama zetu zimewafunga watu miaka 30 kwa kuilima au kuisafirisha. Muuzaji wa chupa hamwelezi hayo mama wa miaka 60 anayerudi na mzigo wake Mbagala. Mimi naamini kwamba mkono wa dola unapaswa kumfikia kwanza yule anayejaza chupa, wala si yule anayeinunua kwa ajili ya vidole vyake. Kumkamata mgonjwa ni rahisi, na hesabu za waliokamatwa hupendeza katika taarifa. Mfanyabiashara mwenyewe huendelea kujaza.

Wako wanaosema kwamba dunia imebadilika nasi tumebaki nyuma. Ni kweli kwamba tarehe 2 Desemba, 1990 na miaka iliyofuata isingefikirika yaliyotokea tarehe 2 Desemba, 2020, pale Tume ya Umoja wa Mataifa ya Madawa ya Kulevya ilipopiga kura 27 kwa 25 kuiondoa bangi katika jedwali la nne la Mkataba wa 1961, ilimokuwa pamoja na heroini. Lakini ilibakizwa katika jedwali la kwanza, maana yake inaendelea kudhibitiwa. Lesotho ilianza kutoa leseni za kilimo cha bangi ya dawa mwaka 2017, na Rwanda iliweka taratibu zake mwaka 2021. Hata hapa kwetu zimesikika sauti zikitaka tulime tuuze nje. Ndugu hao wanastahili kujibiwa kwa hoja, na hoja yangu ni katani. Katika miaka ya 1960 nchi hii ilizalisha zaidi ya tani 200,000 za katani kwa mwaka, ikaongoza duniani. Kisha nyuzi za sintetiki za viwanda vya wengine zikaliteka soko, nasi tukabaki na mashamba. Kuuza majani na kununua dawa iliyotokana nayo kwa bei ya mwenye kiwanda si maendeleo, hata majani hayo yakiitwa ya tiba.

Tofauti na kilimo ni utafiti, na hapo Serikali yetu na vyuo vyetu havina sababu ya kuona haya. Kitengo cha utafiti wa dawa za asili kilianzishwa Muhimbili tangu mwaka 1974, kikawa taasisi kamili mwaka 1991. Sheria ya tiba asili na tiba mbadala imekuwapo tangu 2002, pamoja na Baraza lake. Mkemia Mkuu wa Serikali ana maabara. Kila mwaka bangi hukamatwa na kuteketezwa kwa moto mbele ya waandishi wa habari. Mechoulam alianza na mzigo wa polisi. Mkataba wenyewe wa 1961 unaruhusu matumizi ya kitabibu na kisayansi. Basi sehemu ndogo ya kile tunachokichoma, chini ya ulinzi na kwa idhini ya vyombo vinavyohusika, ingeweza kuwafundisha wanasayansi wetu ni nini hasa kimo katika mmea unaoota Arumeru na Tarime. Kwamba njia hiyo hufika mahali, tunao ushahidi: mwaka 2018 Marekani iliruhusu dawa ya kannabidioli kwa aina mbili za kifafa kikali cha watoto, baada ya majaribio yaliyofanywa hatua kwa hatua. Wachina nao waliichukua pakanga ya vitabu vyao vya kale wakaipitisha katika maabara, na leo ndiyo msingi wa dawa mseto ya malaria inayomezwa katika kila zahanati yetu. Hakuna aliyewauzia watu pakanga gizani na kuiita sayansi.

Lakini utafiti ni wa miaka, na vidole vinavimba leo. Mwaka 1973 nchi hii iliendesha kampeni ya Mtu ni Afya, na wananchi wapatao milioni 2 wakakaa katika vikundi kuzunguka redio zao kujifunza kuchimba vyoo na kuua mbu. Walimu hawakuwa madaktari. Wanachama katika mashina na matawi ya Kariakoo, Jangwani na Gerezani wanaweza vilevile kufundishwa mambo machache ya viungo: kwamba uvimbe wa vidole vya mikono yote miwili unaozidi wiki sita si baridi ya feni, kwamba ukakamavu wa asubuhi unaodumu saa nzima ni jambo la kumpeleka mtu hospitali, na kwamba anayekwenda amweleze daktari kila alichokunywa, ikiwamo chupa, bila kuogopa kukamatwa. Madaktari nao waweke kalamu chini waiguse mikono ya wagonjwa wao.

Liko na la vyombo vya juu. Bunge lilipitisha sheria ya bima ya afya kwa wote mwaka 2023. Wabunge na madiwani wa Dar es Salaam wanapoulizana kitita cha bima hiyo kina nini ndani yake, waulize kwa jina: je, methotreksati imo, na kipimo cha ini kinachokwenda nayo kimo? Je, mama anayeanzia katika zahanati ya kata yake atapewa rufani ya kwenda Amana au Muhimbili katika wiki ya ngapi tangu vidole vyake vilipoanza kuvimba?